Bonaire au Curaçao kwa siku tisa za kupiga mbizi? Naomba ushauri wa wanaovifahamu

Tumbawe_Bichi

Wakuu, habari zenu. Mimi na mume wangu tunapanga kwenda Karibi kupiga mbizi, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Siku za kukaa kule ni tisa, ukiondoa za ndege. Wote wawili tuna cheti cha kiwango cha pili (mwisho mita 30) na cha naitroksi (hewa ya mtungi iliyoongezwa oksijeni). Tumezoea kuzama kutoka kwenye boti, kiongozi yuko mbele. Kuingia majini kutoka ufukweni wenyewe kwa wenyewe hatujazoea kabisa.

Dada yangu tunaenda naye. Yeye hazamii, anaogelea juu na snokeli (bomba la kupumulia), na anapenda mji wenye maisha.

Kwa sababu ya msimu wa vimbunga tumeshachuja hadi vile visiwa vitatu vya kusini: Aruba, Bonaire na Curaçao. Aruba naona kama imeshatoka, ila mkiona tunakosea semeni. Tunavutiwa zaidi na matumbawe na viumbe wadogo kuliko meli zilizozama, ingawa moja au mbili hatuzikatai. Mngechagua kipi? Na je, kugawa siku tano huku na nne kule kunalipa, maana kwenye ramani vinaonekana karibu karibu?

---

Pezi Refu

Karibu sana. Kabla ya kutaja kisiwa, amueni kwanza nani awe mwenye saa asubuhi. Bonaire saa ni yenu. Mnalipia kifurushi cha mitungi, mnakodi pikapu, mnapakia mitungi nyuma na kufuata barabara ya pwani hadi mwone jiwe la njano lililoandikwa jina la eneo. Hapo mnaegesha, mnavaa, mnaingia. Hakuna boti ya kuwahi wala kundi la kusubiri. Mkitaka mbizi nne kwa siku sawa, mkitaka moja na usingizi wa mchana pia sawa. Kwa watu wanaosafiri mahususi kwa ajili ya kuzama, sioni kisiwa cha kushindana nacho katika eneo lile.

Maumbile yake yanasaidia. Upepo wa pale huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, na pwani yote ya magharibi iko demani, yaani imekingwa. Ukiingia unakuta tambarare ya mchanga na matumbawe machache, kina cha mita 5 hadi 10, kisha mwamba unateremka hadi mita 30 na zaidi. Maeneo mengi unaogelea dakika chache tu mpaka ukingoni. Bahari yote inayozunguka kisiwa, pamoja na kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, ni hifadhi tangu 1979, kutoka alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60. Kutia nanga hakuruhusiwi, boti hufungwa kwenye maboya.

Utaratibu wa kuanza uko hivi. Mgeni hulipa kodi ya kuingia kisiwani, dola 75, kisha ada ya hifadhi ya STINAPA, shirika linalosimamia hifadhi za kisiwa, dola 40. Dada yako naye atalipa ada hiyo hata kama ni snokeli tu. Zote mbili hulipwa mtandaoni kabla ya safari; hakikisheni kiwango kipya, maana huwa vinabadilika. Mkifika, kituo cha kuzamia kitawapa maelezo ya hifadhi, halafu mnapiga mbizi ya majaribio mbele ya kituo. Msiichukulie kama adhabu. Ndiyo nafasi ya kupima risasi za mkanda (vipande vya uzito vya kumzamisha mtu): mtungi ukiwa umebaki na shinikizo la bar 50, jaketi la kuelea likiwa tupu, muweze kutulia mita 5 bila kupanda. Mtungi wa alumini wa lita 11 ukitumia bar 150 unapungua uzito wa kilo 2 hivi, kwa hiyo anayejipima mtungi ukiwa umejaa anajikuta anapaa kama puto mwisho wa mbizi.

Siku mbili za mwanzo kaeni Bari Reef, Something Special au Andrea, ambako kuingia ni rahisi. Baadaye nendeni 1000 Steps (ngazi zenyewe hazifiki hata mia, ila ukizipanda na mtungi mgongoni utaelewa jina lilivyotokea), kisha Karpata. Mkipita 1000 Steps kuelekea kaskazini barabara inakuwa ya upande mmoja, huwezi kugeuza. Kurudi mjini mtazungukia kijiji cha Rincon. Kwa hiyo hesabuni mitungi kabla ya kutoka. Kusini kuna Angel City, penye miamba miwili sambamba na bonde la mchanga katikati, na Salt Pier, ambako nguzo za gati la chumvi zimevaa sponji za kila rangi. Salt Pier haizamwi meli ikiwa inapakia. Red Slave na mnara wa Willemstoren kwenye ncha ya kusini ziacheni, kuna mkondo na mawimbi ya kuvunja mguu.

Meli yenu moja iko pale pale: Hilma Hooker, ilizama Septemba 1984, ina urefu wa mita 72, imelala ubavu wa kulia kwenye mchanga wa mita 30. Msiingie ndani.

Kuhusu afya ya matumbawe, tusidanganyane. Ugonjwa unaoozesha nyama ya matumbawe magumu uligunduliwa Bonaire na Curaçao mwaka 2023, na joto la bahari la 2023 na 2024 likapausha mengine juu yake. Matumbawe ya ubongo na ya nguzo ndiyo yaliyoumia zaidi. Bado kuna miamba ya kuvutia sana, lakini picha za zamani zisiwe kipimo chenu. Loweka vifaa kwenye dawa inayowekwa kituoni kila jioni, zameni kwanza kwenye maeneo yasiyoathirika, na angalieni orodha ya maeneo yaliyofungwa.

---

Mkunga wa Jabali

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa upande wa mbizi. Lakini jibu lake limemsahau dada.

Bonaire ni kimya. Kisiwa kizima hakina taa za barabarani za kuongozea magari, mji wake mkuu, Kralendijk, unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, na fukwe zake nyingi ni vipande vya matumbawe, si mchanga. Asiyezamia ana Klein Bonaire (boti ya abiria inamshusha No Name Beach na anaelea na snokeli kufuata mkondo), ana hori la Sorobon lenye maji ya kiunoni, ana flamingo na hifadhi ya Washington Slagbaai. Baada ya hapo ni kuwasubiri nyie mrudi mmelowa, mmechoka, na pikapu ni moja.

Curaçao ina ukubwa wa kilomita za mraba 444 dhidi ya 288 za Bonaire, na watu wake ni wengi mara kadhaa. Willemstad ni mji hasa: majengo ya rangi yaliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1997, daraja la Queen Emma linaloelea, masoko, makumbusho. Fukwe za magharibi kama Kenepa Grandi ni za mchanga mweupe. Dada atafurahi.

Na nyie hamtalala njaa ya matumbawe. Kaeni magharibi, karibu na Lagun au Westpunt, siyo mjini. Hilo ndilo kosa la wengi: wanalala Willemstad, halafu kila asubuhi wanakula karibu saa nzima barabarani. Playa Lagun ni ghuba nyembamba kati ya majabali mawili, mnaingia kwenye mchanga bila kuumiza mguu, mnafuata ukuta upande mmoja kwenda na upande wa pili kurudi, na kasa ni wa kawaida. Playa Kalki pia inafaa. Playa Piskado wavuvi husafishia samaki gatini, na kasa hukusanyika kusubiri mabaki. Dada akivaa snokeli hapo atawaona bila mtungi. Porto Mari ina miamba miwili kama ile ya Angel City, ila ufukwe una kiingilio.

Kwa boti, msikose Mushroom Forest. Vichwa vya matumbawe vimeliwa chini na viumbe watobozi mpaka vinasimama kama uyoga, kina cha mita 12 hadi 15, na chini ya kila kofia kuna kamba na mikunga. Watamula, ncha ya kaskazini-magharibi, ina matumbawe mengi mno lakini mkondo ni mkali, nendeni na boti yenye kiongozi tu.

Karibu na mji kuna Tugboat pale Caracasbaai, kimeli kidogo kwenye mita 5, kizuri kwa mbizi ya mwanzo na kwa dada pia. Na kuna Superior Producer, meli ya mizigo iliyozama 1977, imesimama wima kwenye mchanga wa mita 30 na kidogo. Pale kuingia ni kwenye mawe yenye wimbi, na iko karibu na gati la meli za kitalii, kwa hiyo ulizeni ratiba ya meli kwanza.

Fedha: Curaçao tangu Machi 2025 inatumia gilda ya Karibi, 1.79 kwa dola moja, na dola zenyewe hupokelewa. Bonaire ni dola tupu tangu 2011.

Aruba mmefanya vema kuitoa. Inafaa kwa mpenda meli. Antilla, meli ya Wajerumani iliyozamishwa na nahodha wake 10 Mei 1940, iko kina cha mita 18 tu. Lakini kwa matumbawe na viumbe wadogo haiwafikii hawa wawili, na mbizi nyingi ni za boti.

---

Tumbawe_Bichi

Asanteni sana, wakuu. Mume wangu ameegemea Bonaire, dada ni wazi ataegemea kwingine, lakini amesema yuko tayari. Kinachonitia hofu ni kuingia kutoka ufukweni. Nasikia glavu haziruhusiwi. Ukiteleza kwenye mawe unashika nini? Pia mimi hewa huniishia mapema, dakika 35 nimeshamaliza, je nitafika huko mwambani na kurudi?

---

Bar200

Glavu haziruhusiwi kweli, na sababu ni nzuri: mtu mwenye glavu hushika kila kitu. Jibu la "unashika nini" ni kwamba usishike mwamba, shikaneni.

Kinachofanya kazi ni hivi. Vaeni viatu vya kuzamia vyenye soli nene ngumu, siyo soksi za mpira. Pwani ile ni jiwe la matumbawe lenye makali, na kwenye mashimo yake hujificha wale viumbe duara wenye miiba mirefu myeusi. Kagueni kila kitu mkiwa bado kwenye pikapu: vali imefunguliwa mpaka mwisho, vuta pumzi mara tatu ukiangalia geji ya hewa isicheze. Simameni dakika mbili kutazama mawimbi. Huja kwa makundi, kisha kunatulia. Mnaingia kwenye utulivu ule. Jaketi liwe na hewa, miwani usoni, regyuleta (kifaa cha kupumulia) mdomoni, fini (mapezi ya miguuni) mkononi. Buruta miguu, usinyanyue. Wimbi likija, simama upande, piga goti kidogo, likipita endelea. Maji yakifika kifuani, mmoja anasimama imara, mwingine anamshika bega na kuvaa fini, kisha mnabadilishana. Aliyeanguka kwenye maji ya goti asijaribu kusimama: alale kifudifudi, jaketi litambeba, apige mbele mpaka kina kikubali.

Kutoka ni kinyume chake, na ndiko watu wengi huumia, kwa sababu wamechoka. Njooni mkielea tumboni hadi magoti yaguse, fini zivuliwe hapo mkiwa mmekaa, regyuleta ibaki mdomoni mpaka mmesimama pakavu. Kutembea na fini kwenye mawe ni kuvunjika kifundo.

Hewa sasa. Tuseme unavuta lita 20 kwa dakika ukiwa juu ya maji. Mtungi wa lita 11, ukitumia kuanzia bar 200 hadi 50, unakupa lita 1,650 hivi. Mita 15 shinikizo ni bar 2.5, unavuta lita 50 kwa dakika, yaani dakika 33. Mita 30 unavuta 80, yaani dakika 20 tu. Kwa hiyo dakika 35 zako ni za kawaida kabisa kwa mita 15, na dawa yake haiko mbali: kaa mita 10 hadi 12. Bonaire hakuna hasara yoyote kwa hilo, kwani ukingo wa mwamba unaanzia hapo na ndipo penye mwanga na samaki wengi. Kuna mitungi mikubwa zaidi kwenye baadhi ya vituo, ulizia unapoagiza.

Usiogelee kwenda mwambani ukiwa chini ya maji. Nenda juu kwa snokeli mpaka boya, geuka utazame ufukweni, shika alama mbili: jiwe la njano na pikapu yenu, au mti na nyumba. Chukua dira, pwani ya magharibi kwa ujumla kutoka ni nyuzi 270 na kurudi 90, lakini soma mwenyewe pale ulipo, maana pwani inapinda. Shukeni kwenye mchanga karibu na boya. Angalia matumbawe laini yanainamia wapi, kisha anza kwenda dhidi ya mkondo. Geukeni wa kwanza akifika bar 120. Mkirudi kwenye tambarare na bar 70, kile kituo cha usalama cha dakika 3 kwenye mita 5, cha kutoa naitrojeni mwilini kabla ya kupanda, mnakifanya mkizunguka mchangani kutafuta farasi wa baharini na samaki-chura, na wao hupatikana huko kuliko kwenye mteremko.

Naitroksi ya asilimia 32 chukueni, mbizi nyingi za kurudiarudia ndiko inakofaa. Kila mmoja apime mtungi wake mwenyewe na aandike. Mwisho wake ni mita 33 kwa shinikizo la oksijeni la bar 1.4. Inaongeza tu muda wa kukaa chini kabla naitrojeni haijazidi mwilini, hewa haiongezi hata pumzi moja. Kwenye Hilma Hooker kitakachowarudisha ni geji ya hewa, siyo kompyuta ya kuzamia inayohesabu naitrojeni.

Vifaa: suti ya milimita 3 inatosha, maji ya Novemba ni nyuzi 28 au 29, ila mbizi ya nne ya siku mwili hupoa, kofia nyembamba ya kuzamia husaidia. Mwenye regyuleta ya DIN (inayokazwa kwa nyuzi kwenye mtungi) abebe adapta. Tochi mbili kila mtu kwa usiku. Na kwenye gari msiache kitu, visiwa vyote viwili. Siyo simu, siyo taulo zuri. Vioo wazi, milango bila kufunga, kwa sababu kioo kilichovunjwa mara nyingi bima ya kukodi hailipi. Ufunguo wa elektroniki hauendi majini. Ombeni gari lenye ufunguo wa kawaida.

---

Pezi Refu

Narudi kwenye swali la kugawa, maana halijajibiwa. Kwa siku tisa, hapana. Hakuna feri ya kawaida ya abiria kati ya Bonaire na Curaçao. Ni ndege ndogo, safari ya nusu saa hivi, na uzito wa mizigo hubanwa. Mabegi mawili ya vifaa yatalipiwa zaidi. Kubwa zaidi, baada ya siku kadhaa za kuzama mnatakiwa kukaa saa 18 kabla ya kuruka, ili naitrojeni iliyobaki itoke mwilini, na ndege fupi nayo ni ndege. Mbizi ya mwisho ikiisha saa kumi jioni, hampandi kabla ya saa nne asubuhi. Ongezeni kuhama hoteli, maelezo mapya na mbizi mpya ya majaribio, mnakuta siku moja na nusu imekwenda. Mkipata siku 14, hapo sawa, anzeni Curaçao na mmalizie Bonaire.

Kuna njia ya kati kwa dada: nyote mkae Bonaire, yeye aende Curaçao peke yake siku mbili katikati. Saa 18 hazimhusu.

Mwisho wa Oktoba kuna jambo moja la kufuatilia. Visiwa hivi viko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, lakini dhoruba ikipita kaskazini yake upepo unaweza kugeuka ukavuma kutoka magharibi, na ile pwani iliyokuwa demani ndiyo inayopigwa. Vimbunga Lenny mwaka 1999 na Omar mwaka 2008 vilibomoa miamba ya kina kifupi Bonaire kwa namna hiyo, bila jicho la kimbunga kugusa kisiwa. Dalili mtaziona: boti zinaondolewa kwenye maboya na kupelekwa marina. Siku hiyo haizamwi kutoka ufukweni, hata bahari ikionekana ya kuvumilika, na siku moja au mbili baadaye maji huwa na vumbi. Bima ya safari iwe ya wazamiaji, inayolipia chumba cha mgandamizo, kinachotibu ugonjwa wa naitrojeni wa wazamiaji. Visiwa vyote viwili vina chumba hicho.

Visa: kama pasipoti zenu zinadai visa, ya Schengen na ya Karibi ya Ufalme wa Uholanzi ni vitu viwili tofauti. Moja ya Karibi inafaa visiwa vyote sita vya ufalme. Mkipitia Amsterdam ulizeni mapema.

Na tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kufunga tarehe. Usiku wa pili hadi wa tano baada ya mwezi mpevu, kama dakika 45 baada ya jua kutua, shukeni mita 5 au 6 penye matumbawe laini, mzime tochi zote na kutulia kabla mwezi haujachomoza. Vijidudu vidogo kama punje ya ufuta hutema mwanga wa buluu, kitone juu ya kitone, nyuzi zikipanda kutoka mwambani pande zote, na kwa muda mfupi tu. Anayewasha tochi anawaharibia wote, kwa hiyo mkubaliane ishara ya kugusana mkono kabla ya kuingia.

---

Tumbawe_Bichi

Nimeangalia kalenda na mume wangu, tumesogeza safari mbele ili usiku ule uangukie katikati ya siku zetu. Bonaire basi, na dada ameshaanza kutafuta chumba Otrobanda, mtaa wa Willemstad, kwa siku zake mbili. Swali la mwisho: gia za pikapu zikoje kule, za mkono au otomatiki?

---

Bar200

Nyingi ni za mkono. Otomatiki zipo lakini huisha mapema, agizeni sasa. Ombeni yenye kibao cha kuegemeza mitungi nyuma. Bila hicho mitungi hubingirika na vali hugongana. Mwendo ni kilomita 40 kwa saa mjini na 60 nje, na punda hutembea barabarani usiku.